Mvua Yote ya Mwaka Ule

Kijana wa hali ya hewa alikuja nyumbani kwetu Tibirinzi siku ya arobaini ya mume wangu, khitma imeshasomwa, pilau imeshaliwa, na wanaume wameshatawanyika isipokuwa wazee wawili waliosinzia barazani. Aliomba aingie anipe pole. Nilimkaribisha ukumbini, kwa sababu Hamad alimpenda. Tangu Hamad alipostaafu ubwana shamba mpaka wiki aliyolazwa, alikuwa akipima mvua kila asubuhi kwenye ua wetu, kwa hiari yake, hakuna aliyemtuma, na kijana huyu ndiye aliyekuwa akija kuvichukua vipimo hivyo. Basi akamsifu marehemu, akamwombea dua, nami nikaitikia. Ingetosha hapo. Lakini vijana wa siku hizi kimya kinawawasha. Akaanza kunieleza kazi yake, kwamba ameziingiza kwenye kompyuta mvua zote za Pemba zilizowahi kupimwa tangu enzi za Mwingereza, anatafuta kama zina mzunguko, kama kuna miaka inayoondoka na kurudi. "Na katika zile za mwanzo za mzee, bibi, alipokuwa Chokocho," akasema, uso umemchangamka, "mwaka wa sitini na moja ni mwaka mzuri sana. Mvua tele. Mavuno yake yalikuwaje?"

Kwenye mkeka, ubavuni mwa kabati la vyombo, alikuwa amekaa Mize binti Shaame, mtoto wa shangazi yangu, na mjukuu wake mmoja wa kike. Mize alikuwa hajawahi kukanyaga nyumba ile. Zaidi ya nusu ya umri wetu nimekaa na mume wangu, na tulipokutana mimi naye ilikuwa kwenye harusi na misiba ya watu wengine. Huniuliza hali ya wanangu mmoja mmoja kwa majina, huniuliza miguu yangu, huniuliza mpaka kuku, na jina la Hamad halitoki kinywani mwake. Siku alipokufa Hamad hakuja. Khitma ya siku ya tatu hakuja. Arobaini akaja tangu asubuhi, akakuna nazi pamoja na wenzake, akala kidogo, hakulia, na mimi nilikuwa nikimtupia jicho najiuliza amefuata nini. Kijana aliposema "mwaka mzuri sana," Mize aliweka kikombe chake chini. Nikamwambia kijana, "Kunywa chai kwanza, mwanangu, itapoa." Akanywa. Na chai ya tangawizi ikiwa ya moto hainywewi haraka, kwa hiyo nilipata muda wa kwenda Chokocho na kurudi bila kuinuka pale nilipokaa.

Nilikwenda Chokocho nikiwa mwari wa miaka kumi na minane, baada tu ya Siku ya Mwaka, kumsaidia Mize aliyekuwa amerudi kwa baba yake na talaka mkononi na mtoto mgongoni. Nyumba ya Mzee Shaame ilikuwa ya udongo na mawe, vyumba vitatu na ukumbi mwembamba, na jiko lake lilikuwa nje uani, limeezekwa makuti yaliyokwisha kuwa meusi. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa makumbi naiona ile nyumba. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga, na juu ya uchaga kanda la mpunga wa mbegu, lake Mize, aliloachiwa na bibi yake, likila moshi ili lisiliwe na wadudu. Siti, mtoto wa Mize, alikuwa bado hajatimiza miaka minne. Alikuwa na mchezo wa kusimama chini ya uchaga, kinywa wazi, akingoja punje idondoke. Ikidondoka huitafuna na ganda lake, na Mize humkemea huku anacheka. Sisi wawili tulikuwa tunalala chumba kimoja na mtoto katikati, na kila siku tulikuwa tunaamka mmoja wetu ana kisigino cha Siti shingoni.

Chumba cha nje, chenye mlango wake peke yake, alikuwa amepewa bwana shamba. Huyo ndiye Hamad, kijana wa Unguja, mrefu, mkavu, mwenye soksi zilizovutwa mpaka magotini, kitu ambacho kiliwachekesha wanawake wa kisimani kuliko lafudhi yake. Serikali ilikuwa imesimika kipimo cha mvua kwenye ua wa Mzee Shaame kwa sababu ua ule ulikuwa mweupe, hauna mnazi wa kuikinga mvua. Kilikuwa chombo cha shaba kama debe jembamba, kina faneli juu na chupa ndani. Watu walikiita kikombe cha serikali. Kila asubuhi Hamad huchutama mbele yake, huimimina ile chupa kwenye bilauri yenye mistari, huiinua juu ya jicho, na hata kama bilauri ni kavu huandika kuwa ni kavu. Siti alikuwa anachutama kando yake na kikopo cha maziwa, naye anainua juu ya jicho. Alimwita Bwana Maji. "Bwana Maji, leo mangapi?" Na Hamad alikuwa anamjibu kwa heshima zote, kama anamjibu mkubwa wake wa kazi, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpenda, ingawa wakati ule ungeniambia ningekurushia mwiko.

Mzee Shaame naye alikuwa na hesabu yake. Yeye ndiye aliyekuwa anaijua miongo pale Chokocho, yaani zile kumi kumi za siku ambazo watu wetu walizihesabu tangu Siku ya Mwaka ili wajue lini wafyeke, lini wapande, lini samaki watasogea. Na alijua zaidi ya hapo. Mwaka wetu ule wa jadi hupewa jina la siku ulioingilia, ukiingia Jumapili ni mwaka Jumapili, na unaofuata ni Jumatatu, mpaka siku saba ziishe na kuanza upya. Mzee Shaame aliizungumza hiyo miaka kama mtu anavyozungumza watoto wake saba: huyu bakhili, huyu mkarimu lakini ana hasira, huyu msimwamini kwenye vuli. Mwaka tuliokuwa nao ulikuwa mwaka Jumatano, na Jumatano, kwa hesabu yake, ni mwaka wa maji.

Kwa miezi kadhaa bwana shamba na Mzee Shaame walikuwa wakibishana kila wanapokula pamoja. Hamad humwambia mzee kuwa hawezi kujua mvua kwa jina la siku, na mzee humwambia Hamad kuwa hawezi kuijua mvua kwa kuichungulia ikishanyesha. Sisi tulikuwa tunawasikia kutoka jikoni na kucheka. Kisha siku moja, kaskazi imekolea, tunapakua wali na mchuzi wa pweza, hatukusikia ubishi. Tulisikia Hamad anaongea peke yake, haraka haraka, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Alikuwa amepewa ofisini vipimo vya mvua vya miaka mingi iliyopita, akavikalia jioni zake zote. Na ameona kuwa kila mwaka wa saba huinuka juu ya wenzake, tangu vipimo vilipoanza, na wa saba unaofuata ndio huu. "Mzee, hesabu yangu na yako zimekutana," akasema. Halafu Mzee Shaame akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, kicheko cha mtoto. "Nliyajua mie," akasema. "Nliyajua hata kabla hujazaliwa weye." Shangazi yangu, Bi Hidaya, alikuwa ameshika upawa. Akautia chunguni polepole. "Wakibishana hawa mie nlikuwa nna raha," akatuambia. "Na sasa wamekubaliana, nani atawabishia?"

Nimeyafikiria maneno yale maisha yangu yote. Mtu mmoja mwenye hesabu watu humsikiliza kwa sikio moja. Lakini msomi wa serikali na mzee wa miongo waliokuwa hawapatani hata kwenye chumvi, wakija na jibu moja, ungepata wapi ujasiri wa kusema hapana? Na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuwa mwaka wa Mzee Shaame unaanza kwenye kusi, mwezi wa Julai, na kwisha kwenye kusi, na mwaka wa Hamad unaanza Januari. Walipeana mikono juu ya mwaka mmoja kumbe kila mtu ana wake. Kitu chepesi hivyo, mtoto wa skuli angekiona. Hatukukiona.

Mpunga Chokocho ni kazi ya wanawake, na wanawake wana desturi yao. Unapanda nusu ya mbegu, nusu inabaki kwenye uchaga mpaka uone masika imeshika kweli. Ikikuchezea, unayo nusu ya kuanzia tena. Lakini Mize alikuwa amerudi kwao kwa kuchelewa, mabonde ya chini yamekwisha kugawanywa, na alichopata ni kipande kidogo chini na kipande kikubwa bonde la juu, ambako maji hufika mwaka wa mvua nyingi tu. Kulima vyote viwili kulitaka mbegu yote. Na alikuwa na sababu ya kuvitaka vyote viwili. Aliyekuwa mume wake, mtu wa Kisiwa Panza, alikuwa amemletea neno kuwa mtoto wa kike halelewi kwa kubahatisha, na kwamba akishindwa kumlisha ampeleke kwa bibi yake mzaa baba kule kisiwani. Mize alitaka ghala lililojaa ili neno hilo lisirudi. Basi akaliteremsha kanda, akaliweka kizingitini kwa Hamad aliyekuwa anafunga viatu, nami nilikuwa uani nafagia. "Bwana shamba, mie ntapanda yote. Lakini hebu nambia. Hino ikenda kombo, nna mbegu nyengine?" Hamad alicheka. Hakucheka kwa dharau, siwezi kumsingizia marehemu, alicheka kwa furaha ya ile hesabu yake. "Hutaihitaji, Bi Mize," akasema. "Mwaka huu utatafuta pa kuweka." Na Mzee Shaame kutoka ukumbini akaitikia, "Panda, mwanangu."

Alipanda. Tulipanda pamoja, na nyuma yetu wanawake wengi wa Chokocho walipanda yote, kwa sababu habari ya zile hesabu mbili ilikuwa imezunguka kila kisima. Ikaja mvua, nzuri, ya kulowesha vizuri, tukapiga vigelegele bondeni. Mpunga ukachipua, bonde likawa kijani kama kitambaa kipya. Halafu mvua ikaondoka na haikurudi. Masika ile sikumbuki kishindo chochote, nakumbuka weupe wa mbingu tu. Kila asubuhi Siti anauliza, "Bwana Maji, leo mangapi?" na Hamad anasema, "Leo hamna, bibie." Wiki za mwanzo alikuwa anamwambia "kesho." Baadaye akaacha kusema kesho. Bonde la juu lilikufa kwanza, ukikanyaga unasikia linavunjika, na la chini likafuata, likatoa mapepe matupu. Mize alikuwa anakwenda kulitazama kila siku na kurudi, anaosha miguu, anaingia jikoni. Siku moja nilimkuta anafagia uchaga kwa mkono, juu kwa juu, anakusanya punje zilizonasa kwenye masizi. Zilijaa nusu ya kiganja chake. Akampa Siti.

Tulikula muhogo. Tulikula muhogo wa kuchemsha, bada la muhogo lililosongwa kama ugali, na kisamvu bila nazi, kisha tukala ming'oko ya porini ambayo usipoijua kuitengeneza inakulewesha. Tulikwenda pwani maji yakitoka tukaokota kombe mpaka hapakuwa na kombe. Hamad alipata posho yake ya mchele kutoka mjini na akawa anamwachia Bi Hidaya yote, naye anakula bada pamoja nasi, na soksi zake zikawa hazisimami tena kwenye miguu. Hakuna aliyemtukana Mzee Shaame. Lingekuwa afadhali tusi. Watu walimwamkia kwa adabu kuliko zamani, wakapita. Ilipofika Siku ya Mwaka watu hawakupika chakula cha kupeleka pwani, maana hapakuwa na cha kupika. Wachache walikuja asubuhi kumuuliza mwaka unaoingia ni mwaka gani, na yeye alikuwa amekaa ukumbini, mgongo kwenye ukuta. "Kaulizeni wengine," akasema. Mwaka wake ulikuwa umekwisha, mkavu, na aibu yake imekwisha kutimia. Wa Hamad ulikuwa bado una miezi mbele yake.

Neno la Kisiwa Panza likarudi, kama Mize alivyolijua litarudi. Safari hii alikuja bibi wa mtoto mwenyewe, mama mtu mzima, mpole, na sitaki kumfanya mbaya kwa sababu hakuwa mbaya. Aliketi kitandani kwetu, akamshika Siti mkono, akaupima kwa vidole vyake viwili, vikakutana na kupishana. "Mwanangu, kule tuna samaki," akamwambia Mize. "Nimchukue mpaka hino vuli. Ukipata cha kumlisha n'takuletea mwenyewe." Asubuhi ya pili Mize akamsuka Siti nywele, mistari midogo midogo, akichukua muda mrefu kuliko kichwa kilivyohitaji, akampaka mafuta ya nazi ya mwisho yaliyokuwamo kwenye chupa. Tukateremka naye mpaka pwani. Kisiwa Panza kutoka Chokocho unakiona, unaona mpaka moshi wa majiko yao, na hilo lilitupoza moyo. Siti alipanda ngarawa na kikopo chake cha maziwa. Akamwita Hamad aliyesimama mbali kidogo, "Bwana Maji, mie nnakwenda pima kule!" Mize alisimama mpaka ngarawa ikawa ndogo, kisha akaniambia, "Vuli si mbali." Nilimwambia si mbali.

Vuli ikaja, na kila tone ambalo masika ilitunyima likaja nayo. Sijapata kuona mvua kama ile tena, na nimeshaona nyingi. Ilikuwa hainyeshi ikaacha, ilikuwa inahama kutoka kwenye manyunyu kwenda kwenye mapipa na kurudi. Karafuu zilizokuwa zimechumwa zilivunda majamvini. Muhogo, ambao ndio uliotubakisha hai, ulioza ardhini, ukiung'oa unakuja laini na harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Visima vilijaa mpaka juu, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watu wakaanza kuumwa matumbo. Asubuhi moja, kwenye kijinafasi cha mvua, alivuka mtu wa Panza akaja moja kwa moja mlangoni kwetu, amelowa, akasema mtoto tumbo limemshika tangu juzi, mama yake aje. Mize alitoka alivyo. Nikamfuata na kanga ya kujifunika. Tulipofika pwani upepo ulikuwa umegeuka, bahari imeumuka, na yule yule mtu aliyeleta habari akaitazama ngarawa yake na kusema hawezi kurudi. Tukabembeleza. Wakaja wengine, wakatazama, wakatikisa kichwa. Kisiwa kilikuwa pale pale, kimefifia nyuma ya mvua, mara unakiona mara hukioni.

Mize aliketi mchangani siku ile mpaka Magharibi, na kesho yake tena, mvua inampiga. Hamad alihangaika na wavuvi, akawaahidi, akawagombeza, akavua viatu akaingia majini mwenyewe mpaka kifuani wakamtoa. Kisha akaja akachutama mbele ya Mize, vile alivyokuwa anachutama mbele ya kipimo chake. Sijui alitaka kusema nini. Mize alimtazama kwa mara ya mwisho katika maisha yao, kwa kadiri ninavyojua mimi. "Yako hiyo," akamwambia. "Mvua yako hiyo, imekuja. Kaipime." Hamad akainuka akaenda. Nilikwenda nyuma yake, kwa kuwa niliogopa atajidhuru. Nilimkuta uani mbele ya kikombe cha serikali, ameifungua faneli, na chupa imejaa, chombo chenyewe kimejaa, maji yanafurika kwenye shaba na kumwagika miguuni pake. Akaiweka bilauri chini. "Haipimiki, Asha," akaniambia. Alikuwa hajawahi kuniita jina langu kabla ya hapo. "Ni ile ile niliyosema. Imekuja yote." Nilimchukia saa ile, na nilimwonea huruma saa ile ile, na vyote viwili sikuviacha mpaka nilipomuosha uso akiwa maiti.

Siku ya tatu bahari ilitulia kidogo na ngarawa ikaja kutoka ule upande. Walikuwa wameshamzika. Walileta kikopo chake. Mize alikipokea, akakigeuza, akamwaga maji ya mvua yaliyokuwamo, akarudi nacho nyumbani mkononi.

Mwaka ulipokwisha, ule wa Januari, Hamad alijumlisha vipimo vyake kwa sababu ilikuwa ndiyo kazi yake, akavipeleka mjini, na mjini wakafurahi. Baadaye akaniposa. Watu walinishangaa, na mimi nilijishangaa kidogo, lakini niliona kuwa yule aliyebaki hakuwa yule aliyekuja na soksi, na huyu aliyebaki nilimtaka. Nilikwenda kwa Mize kabla sijajibu. Alikuwa anatwanga. Hakuacha. "Olewa nae," akaniambia. "Si mtu mbaya. Lakini mie nyumba yake ntaingia siku hayumo." Nikaolewa, na maneno yake akayashika, kama mlivyoona.

Hamad aliendelea kupima. Kila tulipohamishwa alisimika kipimo, na alipostaafu akasimika chake mwenyewe hapa Tibirinzi. Lakini hakutabiri tena. Wakulima walimjia, wanawake kwa wanaume, wakijua ana mvua za miaka mingi kichwani, wakimuuliza, Bwana Hamad, masika hii itakuwaje, tupande au tungoje? Naye huwajibu jambo moja, sauti ile ile, mwaka nenda mwaka rudi. "Una mbegu nyengine?" Mtu akisema anayo, humwambia panda. Akisema hana, humwambia panda nusu. Wengine waliona ni kiburi, wengine waliona amezeeka. Watoto wetu walimwigiza mezani, mmoja akiomba kuongezwa wali mwingine anamuuliza kama ana mbegu nyengine, na wote wanacheka, na baba yao anacheka nao, halafu anaacha kula. Sikuwahi kuwaambia watoto maneno yale ni ya nani. Sikumwambia Mize kuwa yanasemwa. Ningeanzia wapi?

Kijana alimaliza chai, akafuta midomo, akaniangalia kwa adabu akingoja mavuno ya mwaka wa sitini na moja. Kabla sijafungua kinywa, mjukuu wa Mize kwa watoto aliowazaa baadaye, binti mchangamfu ambaye ndiye analima bonde la bibi zake sasa, akamdaka. "Kaka, acha ya zamani. Nambie huno unaokuja. Masika itakuwaje?" Uso wa kijana ukang'aa. Akatoa simu, akatuonyesha mistari inayopanda na kushuka kama vilima. Akasema mzunguko uko wazi, miaka ya maji inarudi, mashine na rekodi zote zinakubaliana. "Mwaka huu msiwe na wasiwasi, dada. Panda mpaka ukose pa kuweka." Binti akapiga kofi kwa furaha. Mimi nikamtafuta Hamad kwa macho kabla sijakumbuka.

Mize alikuwa amekwisha kusimama. Magoti yake siku hizi hayamruhusu kusimama haraka, kwa hiyo alishika kabati, na vyombo vikalia ndani. Akamtazama kijana, si kwa ukali.

"Mwanangu," akamwambia, "huyu bint'angu, ikenda kombo, ana mbegu nyengine?"

Kijana akaniangalia mimi, akidhani amekosa adabu mahali. Hakucheka, namshukuru Mungu kwa hilo. Nilimwendea Mize nikamshika kiwiko. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba hivyo ndivyo marehemu alivyokuwa akiwajibu watu, maisha yake yote, maneno hayo hayo.

"Najua," Mize akasema. "Watu walikuwa wakiniletea. Ndiyo nikaja."

Kisha akauliza kipimo chake kiko wapi, nikampeleka uani.